Sanduku la Mpiga Solo

Jirani yetu mpiga solo alikuwa na tabia ya kugusa kuta. Akiingia kwetu, kabla hajavuta kigoda, alipita kwanza jikoni na kubandika mgongo wa kiganja chake ukutani, karibu na mafiga, kama mama anavyompima mtoto homa. Akisharidhika ndipo aliporudi sebuleni na kuitikia karibu yetu. Mke wangu alimvumilia kwa muda, halafu siku moja akamwambia, "Shemeji, ukuta wangu hauumwi."

"Afadhali, shemeji," alijibu bila kucheka. "Nami naomba ubaki hivyo hivyo."

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Tabia hiyo ilianza baada ya ukumbi wa dansi kuungua, na karibu kila ninachokumbuka juu yake kiko upande huu au upande ule wa moto huo.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Alipoulizwa alisema yeye ni mtu wa upande wa pili wa maji, na kwa anayekaa Mwanza maneno hayo yanaweza kuwa Sengerema, yanaweza kuwa Ukerewe, yanaweza hata kuwa Bukoba tulikotoka sisi. Tulikaa naye nyumba moja Mirongo, milango ikitazamana uani. Mimi nilikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, yeye alipiga gitaa la solo katika bendi ya dansi iliyokuwa mali ya shirika moja la umma. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye vitambulisho vya kazi kama makarani. Wazee wa usharika walinionea huruma kwa kupangiwa jirani wa namna hiyo. Nilitazamia walevi mlangoni. Nikapata mtu anayefagia uwanja kabla kuku hawajaamka, asiyeonja pombe, asiyejua hata kucheza dansi. Nilimshukuru Mungu kimya kimya, na bado namshukuru.

Kelele alizichukia. Nyumbani gitaa lake la umeme alilipiga bila umeme, na gitaa la namna hiyo lisipounganishwa halisikiki hata kwa mpigaji mwenyewe. Basi aliegemeza ncha yake kwenye mlango wa kabati, na kabati zima likaanza kuimba taratibu, pamoja na sahani zilizokuwa ndani. Mke wangu aliposikia alisema, "Kabati la jirani limeamka," akapunguza sauti ya redio yetu.

Alikuwa na msemo wake mmoja. Amplifaya za siku zile zilikuwa na taa ndogo za kioo ndani, na ukiiwasha haikutoa sauti papo hapo. Ulingoja mpaka taa zile zipate joto. Wenzake walipohangaika jukwaani yeye alikunja mikono na kusema, "Acha ipate joto kwanza." Msemo huo aliutumia kila mahali. Watu wakigombana bombani, acha ipate joto kwanza. Chai ikichelewa, vivyo hivyo. Mahubiri yangu nayo hayakupona. Kanisani hakuingia, ila Jumapili nyingi alisimama nje ya dirisha la upande wa kwaya, mikono nyuma, akisikiliza.

"Leo ulianza kufoka kabla hujapata joto," aliniambia mara moja tulipokutana njiani. "Na sauti ya pili ya kwaya yako inachelewa."

"Ingia ndani uwarekebishe."

"Nikiingia utanihubiria."

"Hata huko dirishani nakuhubiria."

"Dirishani naweza kuondoka, Mwinjilisti."

Lakini hakuondoka kabla ya baraka ya mwisho. Hilo nililiona, nikaliacha kama lilivyo.

Vyombo vyake hakuna aliyevigusa. Gitaa, waya wake, sanduku la amplifaya na spika, vyote alivibeba mwenyewe, alivifuta mwenyewe. Waya aliukunja kwa mviringo mmoja kila siku, na ukimsaidia kuukunja aliufungua wote na kuanza upya, bila kukugombeza, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Aliyeumizwa zaidi na tabia hiyo alikuwa kiongozi wa bendi, Msukuma mmoja mnene mwenye utani mwingi, mpiga tumba. Huyu alikulia katika ngoma za mashindano. Wasiozijua niwaeleze kidogo: baada ya mavuno makundi mawili huchezea uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wanahama huku na huku, na mwisho wa siku kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Kila kundi lina mganga wake, na dawa ya kuvuta watu huwekwa ndani ya ngoma. Kwa kiongozi yule, chochote kinachotoa sauti kilikuwa ngoma.

Ukumbi uliungua alasiri ya Jumapili moja baada ya Pasaka. Wengine walisema ni nyaya, wengine wakasema ni jiko la mishikaki lililokuwa nyuma ya jengo. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Nilipofika paa lilikuwa limekwisha anguka, na vyombo vyote vya bendi vilikuwa ndani. Watu walijaa barabara nzima wakitazama. Mpiga solo alisimama mbele yao wote, karibu mno, mpaka nikamvuta koti. Majivu yalipopoa kidogo aliingia na kijiti, akachakurachakura, akatoka na vile vyuma vidogo sita vya kukazia nyuzi. Gitaa lote lilibaki hivyo. Akavitia kwenye mfuko wa shati, navyo vilikuwa bado vya moto vikautoboa mfuko. Tulirudi nyumbani ameshika kifua.

Kilichomuuma hakikuwa moto peke yake. Wiki ile jioni moja, akiwa kwetu, alisema, "Mwinjilisti, uliwaona? Nimewapigia watu wa mji huu harusi zao, ubatizo wao, mpaka matanga nimekwenda. Wamesimama kutazama. Hata konzi ya mchanga hakurusha mtu."

"Maji hayakuwepo, jirani."

"Mchanga ulikuwepo," alisema.



Baada ya siku chache ofisa wa shirika aliwaita wanamuziki. Jirani alirudi akatusimulia mazungumzo yalivyokuwa, akiiga sauti ya ofisa vizuri hata mke wangu akaziba mdomo. "Ndugu wanamuziki, fedha za kigeni ni za dawa za hospitali na vipuri vya mashine. Magitaa yatasubiri."

"Na sisi, ndugu?" jirani alimuuliza.

"Ninyi hamtasubiri."

Shirika lilikuwa na bendi nyingine Misungwi, kwenye kiwanda chake cha kuchambua pamba, yenye vyombo vizima. Haliwezi kulisha bendi mbili, alisema ofisa. Siku ya Sabasaba zitapiga pamoja kwenye uwanja mmoja. Yenye watu wengi itabaki, nyingine itavunjwa.

Wasomaji wa leo watasema, bendi ikivunjwa mtu atatafuta kazi nyingine. Siku zile asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kusimamishwa barabarani asubuhi, na jioni yuko juu ya lori akipelekwa kijijini kulima. Sisemi vijiji vilikuwa vibaya. Nimehubiri katika vingi na kula vizuri. Ila jirani yangu alikuwa na hofu yake, aliyoniambia mara moja tu. Haikuwa hofu ya jembe.

"Kule hakuna umeme," alisema. "Gitaa langu litakuwa ubao."

Basi kuanzia hapo mpaka Sabasaba uani kwetu hapakuwa na utulivu.

Mwili wa gitaa ulitengenezwa ufukweni, na seremala wa mitumbwi, kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kazi yake. Nilikwenda naye kukichukua. Seremala alikigeuzageuza, akaguna. "Nimeunda vyombo vingi, ila hiki kidogo hivi kitavua nini?"

"Watu," alisema jirani.

Nikamtazama, maana neno hilo, kuvua watu, lilikuwa la mahubiri yangu. Akakwepa macho yangu.

Nyuzi alizipata kwa kufumua waya wa breki za baiskeli, uzi mmoja mmoja, na vidole vyake vikachanika mpaka akawa anakula ugali kwa kijiko. Kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti yake alikitengeneza kwa sumaku za dainamo ya baiskeli, akizizungushia waya mwembamba kama unywele. Kazi hiyo aliifanyia mezani kwetu kwa sababu palikuwa na mwanga. Alihesabu mizunguko kwa kunong'ona, na akisemeshwa alipoteza hesabu, akafumua, akaanza upya. Mke wangu aliandaa chakula kwa kupiga ishara. Mgeni mmoja alibisha hodi kwa sauti kubwa, na mimi, mtumishi wa kanisa, nikajikuta namnyamazisha kwa kidole mlangoni mwangu mwenyewe.

Amplifaya ilitoka kwa fundi redio, mzee wa Kihindi mwenye duka mjini. Wanawe walikuwa wamekwisha hamia Uingereza na yeye alikuwa akifunga mizigo pole pole. Stoo alikuwa na mashine ya sauti ya sinema ya zamani. Waliifungua pamoja, wakaitengenezea sanduku jipya la mbao, na siku ya kuikabidhi mzee yule aligonga chuma kizito kilichokuwa chini kabisa.

"Hii transfoma mgonjwa, bhai. Ukipiga polepole, mzima. Ukipiga kwa nguvu, inapata homa. Gusa sanduku kila wakati. Ukisikia harufu, zima. Usingoje moshi."

Ndipo mgongo wa kiganja ulipoanza. Aliliwasha uani kwetu, aligusa, alisubiri, aligusa tena. Usingizini, nadhani, aligusa ukuta wa kando ya kitanda chake.

Ilibaki spika, na spika ya kufika mbali, yenye mdomo wa tarumbeta, ilikuwa ya kanisa. Nilipeleka ombi kwa wazee. Mmoja akasema, "Spika ya Neno la Mungu ikapige rumba?" Nikamjibu kwamba spika haijabatizwa, na kwamba jirani yetu yuko hatarini. Walibishana mpaka nikachoka kukaa, kisha wakakubali kwa sharti: mwinjilisti aende nayo, asimame nayo, arudi nayo kabla ya Jumapili. Hivyo ndivyo nilivyokwenda dansi kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu, kwa azimio la baraza la wazee.

Siku zilipokaribia kiongozi wa bendi alikuwa akija kila jioni, anazunguka sanduku kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Wenzetu wa Misungwi wamekwenda kwa mganga," alisema. "Wewe unakwenda na skrubu."

"Skrubu inashika."

"Na dawa inashika. Unadhani ukumbi uliungua wenyewe?"

"Ndani ya sanduku hili," alisema jirani taratibu, "hakiingii kitu ambacho sikukiingiza mimi."

Kiongozi akanigeukia. "Mwinjilisti, mwambie huyu."

"Nimwambie atie dawa?"

"Basi mwombee."

"Hilo nalifanya," nikasema, na ilikuwa kweli.

Sabasaba ilikuwa na jua kali na upepo wa ziwani. Uwanja ulijaa mapema. Watu wa mjini, wakulima waliokwisha uza pamba, wanawake wenye dagaa na sato wa kukaanga pembeni. Bendi ya Misungwi ilikuwa upande wa kule, magitaa yao yaking'aa, na tangu wimbo wao wa kwanza watu walielekea huko kama maji yanavyofuata mteremko. Upande wetu walibaki wachache, na wengine kati yao walikuwa wamefuata kivuli. Ofisa wa shirika alikaa katikati kwenye kiti, miguu imepishana, akitazama kulia na kushoto.

Mimi nilisimama nyuma ya spika, na koti langu la Jumapili. Kutoka pale niliona mgongo wa jirani, sanduku, na uwanja wote mbele yake.

Alianza chini. Kiongozi akamnong'oneza, "Ongeza." Akagusa sanduku, akaongeza kidogo. Watu wachache wakageuka. "Ongeza, bwana, tunakufa." Akagusa, akaongeza. Spika ya kanisa ikapeleka sauti ile mpaka kwenye mawe yaliyokuwa nyuma ya uwanja na mawe yakairudisha. Lakini wa kule nao wakaongeza, na watu walioanza kuja wakasimama njiani. Nilimwona akigusa sanduku mara kwa mara, hata katikati ya kupiga, mkono unaruka toka kwenye nyuzi na kurudi kabla uzi haujanyamaza. Shingo yake ilikuwa imelowa.

Halafu nikasikia harufu. Haikuwa ya waya wala ya rangi. Ilikuwa ya mizizi, kama mtu ameweka majani makavu kwenye mkaa. Yeye aliisikia kabla yangu. Aliacha wimbo katikati, akazima, na upande wetu ukawa kimya ghafla, tumba moja ikimalizia peke yake. Moshi ukatoka nyuma ya sanduku, mzito, wa kijivu.

Alipiga magoti, akavuta ubao wa nyuma kwa nguvu hata misumari ikang'oka, akaingiza mkono mzima. Aliutoa ukiwa na kifurushi cha kitambaa cheusi kilichofungwa kwa kamba, kinawaka. Akakitupa chini. Nikamtazama kiongozi wa bendi. Uso wake ulikuwa umeshuka. Alikuwa amekiweka juu ya zile taa za kioo, pale penye joto, kama baba zake walivyoweka ndani ya ngoma, na ngoma haina moto ndani.

Hapo ndipo watu walipokuja. Nilikuwa nimeelekea kwao kwa hiyo niliwaona wote. Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza samaki, mtu mzima, anakimbia na beseni lake la bati mbele ya kifua, maji yanamwagika kwenye khanga yake. Nyuma yake wanaume na mchanga kwenye kofia, wanawake na mchanga kwenye pindo za khanga, mzee mmoja na kibuyu chake cha kunywea. "Isiungue tena," mama yule alikuwa akisema, si kwa kupiga kelele, ila mfululizo, kama mtu anayesali, "isiungue tena, jamani, isiungue tena." Akamwaga beseni juu ya kifurushi, na nusu ya maji ikaruka kwenye ubao wa sanduku. Jirani yangu alikuwa bado amepiga magoti nyuma ya sanduku. Kichwa chake kilikuwa ndani ya sanduku, anapuliza, anafuta kwa shati lake, haoni lolote isipokuwa vyuma vyake.

Watu waliobaki kule wakaona mbio na moshi, nao wakaja. Kiongozi wa bendi alizinduka. Aliona uwanja unahama, akapiga tumba pigo moja na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mmeona? Inavuta hiyo. Inavuta."

Hayo jirani aliyasikia. Niliona mgongo wake ukikakamaa.

Alitoa kichwa. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vyekundu. Akafuta kila kitu mpaka kikakauka, akakagua kila waya, akawasha. Kimya. Uwanja mzima ulikuwa mbele yetu sasa, na hakuna aliyemwambia aharakishe. Hata kiongozi alitoa mikono kwenye tumba. Nilitazama zile taa za kioo zikianza kuwa nyekundu ndani ya sanduku lisilo na ubao wa nyuma, nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuwahi kufundishwa. Spika ikakohoa kidogo, kisha ikaguruma.

Akapiga. Aliipiga kwa sauti ya chini, ile ambayo transfoma mgonjwa angeiweza, na watu wakasogea ili wasikie. Hawakurudi kule. Jua lilipoelekea ziwani ofisa aliinuka kwenye kiti chake, akaja kutupa mkono.

Ungetegemea furaha. Wenzake walimbeba kiongozi mabegani. Jirani alikunja waya wake kwa mviringo uleule na kwenda nyumbani, nami nikamfuata na spika yangu. Siku zilizofuata nilimwona uani akilisugua sanduku kwa jivu, kisha kwa sabuni, na sabuni wakati huo ilipangiwa foleni.

"Linanuka samaki," alisema. "Sijui huyu bwana alichanganya nini kwenye takataka yake."

"Umebaki kazini, jirani. Umebaki penye umeme."

"Nimebaki kwa moshi," alisema, akaendelea kusugua.

Nilidhani ni hasira ya siku mbili. Mwezi haukuisha kanisa likanihamishia upande wa Kagera, tukaagana asubuhi moja bandarini. Alileta kabati lake tulichukue, maana yeye, alisema, alikuwa halihitaji tena. Alikuwa na sanduku. Bado tunalo. Likifunguliwa sahani hutikisika kidogo.

Miaka ikapita mingi. Siasa zilibadilika, watu waliacha kuitana ndugu, sabuni zikajaa madukani. Nilikuwa mstaafu nilipovuka kwenda Sengerema kumtazama mgonjwa hospitalini. Nikitoka, kwenye baraza la duka moja, nikamwona mtu mwembamba mwenye mvi, redio zimefunguliwa matumbo mbele yake, amekaa juu ya sanduku la mbao. Sikuitambua sura kwanza. Nilitambua sanduku.

"Shikamoo, Mwinjilisti," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Marahaba, jirani. Bado unafagia kabla ya kuku?"

"Hapa sina kuku. Nafagia tu."

Alininunulia chai, akakihakiki kikombe kwa mgongo wa kiganja kabla ya kunipa. Tulizungumza juu ya mke wangu, aliyekuwa amekwisha tangulia, naye alivua kofia aliposikia. Nikamuuliza kuhusu bendi.

"Niliiacha. Si kwamba ilivunjwa. Niliiacha mwenyewe."

"Kwa nini? Uliipigania sana."

Alishika bisibisi, akaigeuza, akaiweka chini. "Kila walipopiga makofi nilikuwa nageuka kutazama sanduku. Nikawa nashindwa kupiga. Nilijenga kile chombo kwa vidole hivi, Mwinjilisti, halafu watu wakaja kwa ajili ya mizizi ya mtu. Yule kiongozi mpaka anakufa aliwaambia watu ni dawa yake." Akaichukua tena bisibisi. "Wewe ulikuwa umesimama nyuma. Ulikuwa unatazama uwanja. Huwezi kusema uongo, kazi yako haikuruhusu. Niambie walivutwa na nini."

Nikashangaa. Miaka yote hiyo nilidhani jambo lililoonekana na uwanja mzima lilikuwa limeonwa na yeye pia.

"Hukuwaona wakija?"

"Nilikuwa ndani ya sanduku."

"Jirani," nikasema, "walikuja kuzima moto."

Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha nyingine.

"Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza samaki. Alikuja mbio na beseni lake. Wengine walibeba mchanga kwa kofia, kwa khanga. Mzee mmoja alileta maji yake ya kunywa. Hakuna aliyetaja dawa isipokuwa kiongozi wako. Yule mama alikuwa akisema isiungue tena, isiungue tena. Alisema hivyo mpaka ulipowasha."

"Mchanga?"

"Mchanga, jirani. Mwingi tu. Ulikuwa umeukanyaga ulipokuwa unapiga."

Redio moja kati ya zile zilizofunguliwa ilikuwa ikivuma chini kwa chini, akaizima. "Hilo beseni," alisema baadaye, "lilikuwa na maji gani?"

"Ya kuoshea samaki, nadhani. Lilikuwa na magamba. Nusu yalimwagikia sanduku lako."

Akainuka, polepole, kwa kushika ukuta. Akaligeuza sanduku, akapiga magoti nyuma yake kama siku ile, akauondoa ubao na kuingiza kichwa chote ndani. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri redio zao walitazamana. Alikaa mle muda mrefu hata nikaweka kikombe chini nikataka kumshika bega.

"Halinuki tena," sauti yake ilisema kutoka ndani. "Nililisugua mno."